Pumzi ya Chengo

Kijimashine chenyewe ni kidogo, kama redio ya mlinzi.
Swabra akakifuta mdomo kwa spiriti,
akamwambia mwanangu: vuta, zuia, tuhesabu kumi na tano,
halafu toa polepole, kama apozaye uji.
Chengo ana miaka tisa. Uji hapozi, hunywa akaungua.
Mara ya tatu ndipo mashine ikaridhika,
ikaandika sita.
Nikauliza, sita kwa ngapi?
nikidhani ni maksi.

Hakucheka. Akachukua kalamu.
Nyumbani mwapikia nini?

Hapo nikaukunja mtandio, nikaunusa.
Mimi ni wa makaa. Viazi vya karai, Bombolulu, karibu na kinyozi,
tangu saa kumi hadi ukwaju unapokwisha.
Moshi wanilala kwenye nywele, kwenye noti za hamsini.
Na hewa aliyoitaja, kaboni monoksaidi, naijua kwa sura
ingawa haina sura, haina hata harufu.
Mwaka wa mvua ile ya Mei, Mejumaa na mumewe
waliingiza jiko ndani lisilowe,
wakafunga dirisha kwa ajili ya mbu.
Asubuhi mlango ulivunjwa na watu wanne.
Kucha zao nyekundu, midomo myekundu,
kama waliorudi harusini wakapitiwa na usingizi.
Hewa hiyo, tuliambiwa, huingia kwenye damu
ikakalia kiti cha oksijeni, na haiondoki kwa kuombwa.

Basi nilipoona sita nikasema moyoni: ni mimi.
Nimemfukiza mwanangu kwa biashara.

"Puliza na wewe," Swabra akasema.
Nikapuliza.
Mbili.

Mwenye jiko, mbili. Asiyeshika hata koleo, sita.

Akanieleza huku akitafuta kadi yetu chini ya mafaili.
Chembe ya damu yangu huishi miezi minne.
Ya Chengo hujikunja mundu, hukwama magotini usiku,
huvunjika kabla haijamaliza mwezi.
Kila inayovunjika huacha rangi ya manjano,
yale macho ambayo mwalimu huniuliza,
na huacha hewa hii, tone kwa tone, itoke na pumzi.

Kwa hiyo ndani ya mwanangu mna jiko
ambalo sikuliwasha.
Au niliwasha nusu. Nusu ya pili ni babake,
yuko Mariakani na trela lake, naye hakujua.
Wengine hurithi minazi Rabai.

Nikauliza, hewa hiyo yamuua?
Akasema, kidogo hivyo, hapana.
Akasema, na hapa akashusha sauti kama atoaye siri ya nyumba ya watu,
kwamba wako wataalamu waliowahi kuuliza kinyume:
je, mgonjwa akipewa kidogo sana, kwa kipimo,
kiti kikakaliwa, chembe ikakosa nafasi ya kujikunja?
Nikamkumbuka Mejumaa na kucha zake.
Nikasema, dawa hiyo mwaitafutia wapi, kaburini?
"Hapa hatumpi mtu. Twahesabu tu aitoayo mwenyewe,
tujue wiki hii zimevunjika ngapi,
tujue vidonge vyafanya kazi au vyakaa tu tumboni.
Bila sindano."

Chengo, aliyekuwa akihesabu vigae, akageuka.
"Bila?"
"Bila."
Akaomba kupuliza tena.

Jioni niliwasha nje kabisa, kando ya mtaro,
mbali na dirisha letu, ingawa nimeambiwa si hilo.
Akaja na kigoda, akakaa, akanitazama nikipepea.
Mama, kama nami nina jiko,
naweza kukaanga viazi?

Nikampa kimoja, kimechemshwa, hakijachovywa unga.
Akakishika mbele ya mdomo,
akavuta, akazuia.
Nikaanza kuhesabu.